Ardhi Iliyotwaliwa kwa Ajili ya Jeshi: Je, Hurudi kwa Mwenyewe?

Hotuba iliyosomwa na karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniagiza niseme maneno machache juu ya jambo linaloulizwa mara nyingi katika mikutano ya matawi yetu, nalo ni hili: Serikali ikitwaa shamba la mtu kwa ajili ya askari wake, mwenye shamba hubaki na nini mkononi? Na siku askari watakapoondoka, shamba lile litakuwa la nani? Wako watu wasemao kwamba hakuna haja ya kuuliza, maana mwenye bunduki hashitakiwi. Neno hilo si kweli, tena lina hatari, kwa kuwa mtu aliyekwisha kulisadiki hatunzi karatasi zake, wala haendi barazani siku anapoitwa. Nitawaeleza kwanza habari za magomvi ya namna hii yaliyotokea Uingereza, kwa sababu sehemu kubwa ya sheria zetu za ardhi ilitoka huko, na makosa yaliyofanyika huko yameandikwa wazi. Kisha nitarudi nyumbani Kenya.

Katika mji wa London, karibu na mto Thames, palikuwa na hoteli kubwa iitwayo De Keyser's Royal Hotel. Mwaka wa 1916, vita kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto, Wizara ya Vita ilihitaji nyumba ya kuwaweka wakuu wa kikosi cha ndege. Kwanza walizungumza na wenye hoteli habari za kupanga, lakini hawakupatana juu ya kodi. Ndipo wakubwa wa jeshi walipotangaza kwamba wanaitwaa nyumba kwa amri, na kwamba mambo ya malipo yatatazamwa na tume fulani iliyokuwa ikitoa fedha kwa hisani tu. Wenye hoteli hawakupigana na askari. Walitoka, wakaiacha nyumba, lakini waliandika barua kusema kwamba wanatoka kwa kulazimishwa, na kwamba kutoka kwao si kuacha haki yao yo yote. Naomba Wazee wangu waikumbuke barua hiyo. Bila barua ile, Serikali ingeweza kusema kwamba walitoka kwa hiari yao.

Kesi ilichukua miaka. Jaji wa kwanza aliipa Serikali ushindi. Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu mwaka wa 1919. Na mwaka wa 1920 majaji wakuu katika Baraza la Malodi wakalimaliza shauri. Serikali ilidai kwamba tangu kale Mfalme ana mamlaka ya kutwaa mali ya raia ili kuilinda nchi, naye hapaswi kulipa. Majaji wakajibu kwamba Bunge lilikwisha kutunga sheria ya ulinzi mwaka wa 1842, na sheria hiyo inaamuru kwamba mwenye ardhi au nyumba iliyotwaliwa alipwe. Palipo na sheria ya Bunge juu ya jambo lile lile, Serikali haiwezi kuiruka na kuyashika mamlaka ya kale ili ikwepe kulipa. Hisani huombwa, na mtoaji ndiye apimaye kiasi. Haki hudaiwa, na apimaye ni jaji. Hiyo ndiyo tofauti waliyoipigania watu wale, na hata leo mawakili huitaja kesi yao katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza.

Lakini hoteli ile ilitwaliwa kwa muda wa vita tu. Mambo huwa magumu zaidi pale Serikali inapoinunua ardhi kwa lazima, ikaandikwa kwa jina lake kabisa, kisha haja ya jeshi ikaisha. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, iko ardhi ya kilimo iitwayo Crichel Down. Mwaka wa 1938, vita ya pili ikinusika, Wizara ya Anga ilitwaa hapo ekari 725 ili marubani wajifunzie kutupa mabomu. Wenyewe walikuwa watatu, na ekari 328 kati ya hizo zilikuwa za Lord Alington. Bei ya ardhi yote ilikuwa pauni 12,006. Lord Alington alifariki mwaka wa 1940, mali ikamwangukia binti yake, ambaye baadaye aliolewa na ofisa wa jeshi la majini aitwaye Marten. Vita ikaisha. Jeshi la Anga halikuihitaji ardhi ile tena. Mtu wa kawaida angedhani kwamba sasa wenyewe wataitwa na kuambiwa, "Haya, rudisheni fedha, mchukue shamba lenu." Haikuwa hivyo. Wizara ya Anga iliikabidhi ardhi kwa Wizara ya Kilimo, nayo ikakusudia kuifanya shamba moja kubwa, ijenge nyumba na mabanda, kisha impangishe mkulima mmoja.

Bwana na Bibi Marten waliomba wauziwe tena sehemu yao. Wakakataliwa. Majirani wengine walikuwa wameomba kuipanga ardhi ile, nao walikuwa wameahidiwa kwamba wakati ukifika watapewa nafasi ya kushindania. Nafasi hiyo haikuja kamwe. Ardhi ilipitishwa kwa idara nyingine, ile isimamiayo ardhi za Taji, na mpangaji akawa amekwisha kuchaguliwa. Baya zaidi ni kwamba maofisa waliandikiana barua wakitafuta njia ya kuifanya ionekane kana kwamba ile ahadi kwa majirani imetimizwa, hali wao wenyewe walijua kwamba shauri limekwisha kukatwa.

Marten hakunyamaza. Aliwaendea wabunge, akawakusanya wakulima wa jirani, akadai uchunguzi wa wazi mpaka akaupata. Wakili mkuu Sir Andrew Clark ndiye aliyewekwa kuuongoza, na taarifa yake ilitolewa mwaka wa 1954. Hakuona rushwa. Jambo hili napenda kulisisitiza, maana sisi tukiona shamba limepotea hudhani mara moja kwamba kuna mtu aliyekula fedha. Pale hapakuwa na fedha iliyoliwa. Palikuwa na watumishi wa Serikali waliozoea kuiona ardhi kama faili, waliochukizwa na raia mwenye kuuliza maswali, na waliompelekea Waziri habari zisizo kamili. Tarehe 20 Julai 1954 Waziri wa Kilimo, Sir Thomas Dugdale, alisimama Bungeni akatangaza kwamba anajiuzulu. Akina Marten wakapewa nafasi ya kuinunua tena ardhi yao.

Kutokana na mambo hayo kulitokea kanuni ambazo mpaka leo huitwa kwa jina la mahali pale, Crichel Down. Zinasema kwamba ardhi iliyotwaliwa kwa lazima, au kwa tishio la lazima, ikiwa haihitajiwi tena, kwanza apelekewe habari mwenyewe wa zamani au warithi wake, wapewe nafasi ya kuinunua kabla ya mtu mwingine. Lakini bei ni ile ya sokoni siku hiyo, wala si ile waliyolipwa zamani. Tena, kama sura ya ardhi imebadilika kabisa, kwa mfano kwa majengo makubwa, kwa kawaida nafasi hiyo haitolewi.

Wala tusijidanganye juu ya ushindi ule. Marten alikuwa na elimu, alikuwa na fedha, na mkewe alikuwa binti wa lodi. Katika jimbo hilo hilo la Dorset, karibu na bahari, kiko kijiji kiitwacho Tyneham. Mwezi wa Desemba 1943 watu wake wote, zaidi ya mia mbili pamoja na wa mashamba ya jirani, walihamishwa ili jeshi lipate mahali pa mazoezi ya mizinga na vifaru. Waliondoka wakitumaini kurudi vita ikiisha, wakabandika karatasi kwenye mlango wa kanisa kuwasihi askari wazitunze nyumba zao. Mwaka wa 1948 Serikali iliinunua ardhi yote kwa lazima, kwa sababu jeshi lilisema kwamba bado linaihitaji. Hawakurudi. Leo wageni huruhusiwa kuingia siku zile ambazo askari hawapigi risasi, na huyaona magofu ya nyumba, na kanisa, na shule yenye majina ya watoto. Karibu watu wote wa Tyneham walikuwa wapangaji. Hati ya ardhi haikuwa yao, na pale Crichel Down jeshi lilikuwa limemaliza kazi, hali hapa lilikuwa halijamaliza. Tofauti ni hizo mbili tu, Bwana Mwenyekiti, nazo zilitosha.

Sasa nije kwetu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 40, inakataza Serikali kumnyang'anya mtu mali yake isipokuwa kwa haja ya umma, na kwa kufuata sheria inayoamuru fidia ya haki ilipwe kamili bila kukawia, na inayompa mwenye haki katika mali hiyo nafasi ya kwenda mahakamani. Kambi ya askari ni haja ya umma. Juu ya hilo sioni faida ya kubishana. Palipo pa kubishana ni kwenye kiasi, na kwenye wakati wa kulipwa, na kwenye mipaka: je, ekari zote hizi zahitajiwa kweli? Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba sheria yaweza kuwafidia wakaao juu ya ardhi kwa nia njema ingawa hawana hati. Watu wa Tyneham wangekifurahia. Lakini mali iliyopatikana kwa njia ya haramu haina ulinzi huo, na aliyenunua shamba la wizi asimtafute karani wa Chama amwandikie barua.

Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 ndiyo iliyoeleza njia yenyewe. Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza kusudi la kutwaa katika Gazeti la Serikali, kisha huitisha baraza la kuchunguza ni nani mwenye haki na anastahili kiasi gani. Kila mwenye dai hupaswa kulileta kwa maandishi kabla siku ya baraza haijapita. Asiyeridhika na fidia, tangu sheria ya mwaka wa 2019, liko Baraza maalumu la kusikiliza magomvi ya utwaaji wa ardhi.

Nakiomba kifungu cha 110 kisomwe na kila tawi. Kinasema kwamba haja ya umma ikikoma au ikishindikana, Tume yaweza kuwapa wenyewe wa asili, au waliowarithi kwa sheria, nafasi ya kwanza ya kuirudisha ardhi yao, wakirejesha fedha zote walizolipwa kama fidia. Angalieni maneno mawili. La kwanza ni hizo fedha walizolipwa. Kwa maneno ya sheria yetu, mtu hurejesha kile alichopokea, wala haambiwi alipe bei ya leo kama Mwingereza. Hapo sheria yetu ina huruma kuliko ya wale waliotufundisha. Neno la pili ni "yaweza". Tume yaweza, haikuandikwa kwamba lazima. Nafasi hiyo isipotolewa, mtu hana budi kuidai, na adaiye ataulizwa kwanza: wewe ni nani kwa yule aliyetwaliwa?

Na hapo, Wazee wangu, ndipo penye shida yetu. Mashamba mengi ya wanachama bado yameandikwa kwa majina ya babu waliofariki miaka mingi iliyopita. Ndugu wamegawana kwa mdomo, mipaka ni miti na mawe, na hakuna aliyekwenda mahakamani kuchukua hati ya urithi. Siku ya baraza la fidia watatokea wajukuu tisa, kila mmoja na wakili wake, na fedha zitakaa mpaka wapatane. Wale wa nchi za malisho wana shida ya namna nyingine. Sheria ya Ardhi za Jamii ya mwaka wa 2016 inasema kwamba jamii ambayo haijaandikisha ardhi yake, ardhi hiyo hushikwa na Serikali ya Kaunti kwa amana, na fidia yo yote ikitokea huwekwa na Kaunti hiyo hiyo katika akaunti ya benki mpaka jamii ijiandikishe. Viwanja vipana vya mazoezi ya askari kwa kawaida hutafutwa katika nchi kama hizo, na ndugu zetu wa huko wasingoje magari ya jeshi yaonekane ndipo waanze kuandika daftari la wanajamii.

Halmashauri imekubali kwamba kila tawi lilete orodha ya mashamba ambayo mwenye jina amefariki, pamoja na nakala ya hati kama ipo, na cheti cha kifo, na majina ya warithi wote. Nasema wote, wanawake pamoja, maana sheria ya urithi haikuwatoa mabinti waliokwisha kuolewa, na orodha inayowaficha ndiyo inayovunjwa mahakamani. Tena, mwanachama akipokea barua yo yote ya Tume, au akiona watu wakipima shambani mwake bila kumwambia kitu, aandike tarehe siku hiyo hiyo na kuileta ofisini.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyoagizwa. Nakala za Katiba na za Sheria ya Ardhi ziko hapa mezani, na Mzee ye yote mwenye swali juu ya kifungu fulani nitamsomea.