Kujijengea Programu kwa Kompyuta ya Mac

Leo tunaendelea na programu huria, yaani zile zitolewazo pamoja na maandiko yake, kila mtu aweze kuyasoma na kuyabadili. Tutaijenga GNU Hello, programu ndogo iliyotungwa iwe mfano.

Mac ukiinunua haina kompaila, chombo kigeuzacho maandiko kuwa amri za mashine. Basi fungua Terminal, uandike xcode-select --install. Apple hawadai malipo kwa zana hizo, ila kuzingoja kwataka kahawa.

Sasa pakua hello-2.12.1.tar.gz, uifungue, uingie katika folda yake kwa amri ya cd. Andika ./configure LDFLAGS=-liconv. Ile nukta na mkwaju usivisahau: ndivyo viiambiavyo mashine kwamba amri imo katika folda hii hii. Mashine itajiuliza maswali mengi: Je, kompaila ipo? Inafanya kazi? Majibu huwekwa katika faili la config.log, na mwishowe hutoka Makefile, ramani ya ujenzi. Kisha andika make.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Maneno yanateremka mbio, halafu mstari wa mwisho wasema Error. Usihangaike na mstari huo, hautoi sababu. Panda juu hata kosa la kwanza. Likisema kwamba faili lenye mwisho wa .h halikuonekana, huenda umekosa maktaba itegemewayo na programu. Likitaja xcrun, nawe umebadili toleo la macOS juzijuzi, rudia ile amri ya kwanza.

Huenda mtu akauliza, "Jirani yangu aniambia nitangulize sudo kila mara. Je, ni vema?" La, bwana. Hiyo ni kumpa mgeni funguo za nyumba nzima, na maandiko yake hujayasoma. Tena kosa la kompaila haliponi kwa sudo. Tangu 2015 Apple wamelinda folda ya /usr hata sudo isiandike humo, isipokuwa katika /usr/local.

Afadhali uanze hivi: ./configure --prefix=$HOME/programu LDFLAGS=-liconv, kisha make, kisha make install. Vyote vitaingia katika folda yako mwenyewe; ukivichoka, ifute. Sasa andika ~/programu/bin/hello, nayo itakuamkia: Hello, world!

Windows ina mambo yake. Tutayasema juma lijalo. Kwaherini.