Kalamu Nayo ni Silaha ya Ulinzi

Leo tuzungumze juu ya ulinzi wa kijiji.

Mtu akiibiwa ng'ombe wake wawili wa kulimia, anarudi kwenye jembe la mkono. Shamba hupungua, na chakula pia. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Shinyanga na Tabora walianzisha sungusungu. Yowe likipigwa, watu walitoka. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa kijiji hata kijiji. Mwaka 1989 sheria iliwapa sungusungu uwezo wa kukamata wahalifu.

Lakini, ndugu zetu, kukamata siyo kuhukumu. Wapo waliopigwa, hata wakauawa, kwa kushukiwa tu. Wengine walikuwa akina mama wazee walioitwa wachawi. Aliyekufa hawezi kujitetea, wala hawezi kuwataja wezi wenzake. Basi mshukiwa apelekwe polisi bila kukawia. Mahakama ndiyo itakayoamua.

Sasa sisi tuliojua kusoma tufanye nini? Tushike kalamu. Tuandike zamu za doria, ili kila nyumba ishiriki. Tuandike rangi na alama ya kila ng'ombe. Akiuzwa, tuandike majina ya mwuzaji, mnunuzi na shahidi. Mtu akikamatwa, tuandike siku, saa, mahali, na majina ya walioona. Binadamu husahau, daftari halisahau.

Je, zamu ya usiku wa leo ni ya nani? Haya, twende tukaisome orodha.