Sauti ya Waamini Askofu Anapotafutwa

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Halmashauri za Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Tabora)



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo waamini wengi hulitaja kwa kunong'ona tu: Baba Askofu anapofariki dunia au anapofikia umri wa kung'atuka, sisi walei tuna nafasi gani katika kupatikana kwa mrithi wake? Wapo wanaosema hatuna nafasi yoyote, mambo yote huamuliwa Roma. Wapo pia wanaodhani kwamba nafasi yetu ni kumpigia debe padre tunayemtaka, kama ifanyikavyo wakati wa uchaguzi wa madiwani. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa la kila moja lina madhara yake.

Sisi wa Tabora tumeyaona mambo haya kwa karibu. Mwezi Machi 2006 Askofu Mkuu Mario Mgulunde alifariki dunia, na Jimbo Kuu likakaa bila mchungaji hadi tarehe 25 Novemba mwaka huohuo, Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI alipomteua Askofu Paul Ruzoka, aliyekuwa Askofu wa Kigoma. Safari iliyofuata mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tarehe 13 Aprili 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alimteua Askofu Mkuu Protase Rugambwa kuwa Askofu Mkuu Mwandamizi, yaani msaidizi mwenye haki ya kurithi kiti. Mwezi Septemba mwaka huo akafanywa Kardinali, na mwezi Novemba 2024 akakirithi kiti cha Tabora. Mara ya kwanza kiti kilikuwa wazi kwa muda wa miezi minane. Mara ya pili hakikuwa wazi hata siku moja. Katika njia zote mbili sheria ya Kanisa inaacha mlango wa kusikilizwa kwa waamini. Yatupasa tuujue mlango huo.

Sheria inasema nini?

Kanuni ya 377 ya Sheria za Kanisa yasema kwamba Baba Mtakatifu huwateua maaskofu kwa uhuru. Lakini kabla ya uteuzi kuna kazi ndefu. Angalau mara moja katika kila miaka mitatu, maaskofu wa jimbo kuu pamoja na wa majimbo yaliyo chini yake hushauriana kwa siri na kuandaa orodha ya mapadre wanaofaa. Askofu anapohitajika, Balozi wa Baba Mtakatifu aliyeko Dar es Salaam hukusanya maoni ya askofu mkuu, maaskofu jirani, rais wa Baraza la Maaskofu na baadhi ya mapadre walio washauri wa jimbo. Akiona inafaa, huwauliza pia, mmoja mmoja na kwa siri, makleri wengine na walei wanaojulikana kwa hekima. Hatimaye hupeleka Roma majina matatu pamoja na maoni yake. Kwa nchi za misheni kama yetu, shughuli hiyo hupitia katika Baraza la Kipapa la Uinjilishaji. Baba Mtakatifu aweza kumchukua mmoja wa hao watatu, au aweza kuwaacha wote.

Kanuni ya 378 yaeleza sifa za anayetafutwa: awe na imani thabiti, maadili mema, ibada, ari ya wokovu wa roho za watu, hekima na busara, awe na jina jema, awe ametimiza angalau miaka 35 ya umri na mitano ya upadre, tena awe na elimu ya juu ya Maandiko Matakatifu, teolojia au sheria ya Kanisa, au walau awe mjuzi wa kweli wa mambo hayo. Ndugu zetu, angalieni vema orodha hiyo. Haitaji kabila, wala ukoo, wala kijiji alikozaliwa.

Wazee wetu katika imani walifanyaje?

Katika karne za kwanza sauti ya waamini ilisikika waziwazi zaidi. Hapa hapa Afrika, Mtakatifu Sipriani wa Karthago alifundisha katika karne ya tatu kwamba askofu achaguliwe mbele ya watu, kwa kuwa ndio wanaoyajua maisha ya kila mmoja. Mwaka 426 Mtakatifu Augustino, akiwa mzee, aliwakusanya waamini wa Hippo kanisani, akawatajia padre Eraklio kuwa ndiye angependa awe mrithi wake, nao wakapaza sauti kukubali. Huko Milano, mwaka 374, watu walimtaka Ambrosi, ambaye alikuwa mtawala wa serikali na hata alikuwa hajabatizwa bado.

Lakini tusisahau upande wa pili. Mwaka 366, alipochaguliwa Papa Damaso, wafuasi wake na wafuasi wa mpinzani wake walipigana Roma, na mwandishi mmoja wa zama hizo anaeleza kwamba maiti zaidi ya 100 ziliokotwa kanisani kwa siku moja. Baadaye wafalme na matajiri nao waliingiza mikono yao ili waweke watu wao. Basi utaratibu wa siri tulio nao leo haukuzuka hivi hivi. Umetokana na majeraha.

Makanisa jirani zetu yana utaratibu tofauti. Ndugu zetu Wamoravian, walio Urambo tangu mwaka 1898, humchagua askofu wao kwa kura katika sinodi. Hatusemi haya ili tushindane nao, bali ili tukumbuke kwamba swali la kumpata mchungaji ni la Wakristo wote. Katika Kanisa letu pia swali hili limezungumzwa upya. Hati ya mwisho ya Sinodi ya Maaskofu, iliyotolewa mwezi Oktoba 2024, imeeleza nia ya mkutano huo kwamba Taifa la Mungu liwe na sauti kubwa zaidi katika kuwapata maaskofu. Sauti hiyo ikiongezwa, je, sisi tumejiandaa kuitumia?

Anayeulizwa ni shahidi

Tuchukue mfano wa mlei anayepokea barua ya Balozi. Barua hiyo ina maswali mengi juu ya padre fulani: afya yake, imani yake, mwenendo wake, namna anavyoishi na wenzake, uwezo wake wa kuongoza na kutunza mali ya Kanisa, na heshima aliyo nayo mbele ya watu. Mpokeaji anaagizwa ajibu peke yake, asishauriane na mtu, asibaki na nakala, wala asimwambie mhusika. Hii ndiyo inayoitwa siri ya Kipapa, nayo inabana dhamiri.

Sasa, Tume yetu ni ya Haki na Amani, na hapa tunaona jambo la haki lililo zito. Padre anayeulizwa habari zake hajui kwamba anaulizwa. Likiandikwa neno la uongo juu yake, hana nafasi ya kujitetea, maana hatalisikia kamwe. Katika mahakama zetu hata mwizi wa kuku husomewa shtaka na kupewa nafasi ya kujibu. Huyu hana nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo anayejibu hana budi kutenganisha mambo matatu: lile aliloliona kwa macho yake, lile aliloambiwa na mtu wa kuaminika, na lile linalovuma tu sokoni. La kwanza aliseme. La pili aliseme huku akieleza kwamba ameambiwa. La tatu aliache.

Tena kunyamaza nako kwaweza kuwa dhuluma. Mtu akijua kwa hakika kwamba padre fulani ametumia vibaya fedha za maskini, au amemdhuru mtoto, kisha akaandika kwamba ni mtu safi kwa kuwa tu ni wa kwao, ametoa ushahidi wa uongo dhidi ya jimbo zima. Makosa ya namna hiyo yana ngazi zake za kupelekwa, za Kanisa na za serikali, nayo yasingoje kiti kiwe wazi. Lakini shahidi akiulizwa, aseme kweli.

Hapa tukiri udhaifu wetu. Sisi wenyewe, tunaosimama mbele yenu, tumewahi kukaa katika mazungumzo ambamo jina la padre lilipakwa matope, tukacheka pamoja na wengine au tukanyamaza. Tumewahi pia kusikia mtu akisifiwa kwamba anafaa kwa kuwa "ni mtu wetu", tukatikisa kichwa kukubali. Kabla ya kuwafundisha wengine, imetupasa sisi tutubu.

Mji wa njia

Ndugu wapendwa, kama kuna mji usiopaswa kuuliza kwanza mtu katoka wapi, ni Tabora. Mji huu ulikua kwa sababu ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wamisionari wa Afrika wa msafara wa kwanza walifika hapa mwaka 1878, na hapa ndipo walipogawanyika, wengine wakaenda Nyanza na wengine Tanganyika. Adriani Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika ya Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa udaktari, alikuja nchi hizi mwaka 1888 na kuwatumikia watu wa Karema kama mganga na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa mlei, tena mgeni, na wenyeji walimpokea kama wao. Na wachungaji wetu? Askofu Mkuu Mgulunde alikuja kutoka Iringa, Askofu Mkuu Ruzoka kutoka Kigoma, na Kardinali Rugambwa ni mzaliwa wa Bukoba. Waswahili wasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Katika misafara ya Wanyamwezi alikuwapo mtu aliyetangulia mbele, waliyemwita kirangozi. Wapagazi walimfuata kwa kuwa walimjua: anaijua njia, anajua maji yako wapi, anajua namna ya kupatana na watemi. Mwenye mali aliweza kuandika mkataba, lakini hakuweza kuwalazimisha wapagazi wamwamini mtu wasiyemjua. Ndivyo ilivyo kwa askofu. Uteuzi ni wa Baba Mtakatifu. Kumjua mtu na kusema kweli juu yake ni kazi ya wale waliotembea naye.

Wasioulizwa wafanye nini?

Wengi wetu hatutapata barua ya Balozi hata mara moja. Hata hivyo tunazo kazi nne.

Ya kwanza ni kuifahamu hali ya jimbo letu na kuiandika. Kanuni ya 212 yatupa haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wetu mawazo yetu juu ya mema ya Kanisa, kwa heshima. Lakini kumbukeni jambo ambalo wengi hawalijui: kiti cha askofu kikiwa wazi, Halmashauri ya Kichungaji ya jimbo hukoma kisheria, na Baraza la Mapadre vilevile. Anayengoja msiba ndipo aseme, atakuta hakuna kikao cha kusemea. Basi taarifa ziandaliwe mapema: vigango vingapi havipati Misa kwa miezi, makatekista wanaishije, vijana wanakwenda wapi, migogoro ya ardhi ya wakulima na wafugaji imefika wapi. Taarifa hiyo itaje mahitaji, isitaje jina la mtu.

Ya pili ni kukataa barua zisizo na saini na ujumbe wa simu unaosambazwa kuwachafua au kuwapigia debe watu. Ukifika kwako, uishie kwako.

Ya tatu ni kusali. Mitume walisali kabla ya Mathiya kuhesabiwa pamoja nao. Sala hiyo isiwe ya kumwelekeza Mungu jina.

Ya nne ni kumpokea atakayeletwa. Mwenye kukasirika kwa kuwa hakuletwa mtu wake, kumbe alikuwa akitafuta mtu wake, hakuwa akitafuta mchungaji. Kumpokea hakumaanishi kuacha kumwambia ukweli. Yule tuliyemwombea kabla hajaja anastahili kuambiwa kweli baada ya kuja.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Leo hii tukiulizwa mahitaji makubwa matatu ya parokia yetu, tungejibu nini? Je, yameandikwa mahali popote?

2. Ni mara ngapi katika Jumuiya yetu tumemsema padre kwa jambo ambalo hatukuliona wenyewe? Tufanye nini ili kurekebisha?

3. Tunawapokeaje mapadre, watawa na makatekista wanaotoka makabila na mikoa mingine?

Mungu awabariki, na Bikira Maria, Mama wa Kanisa, atuombee. Tumsifu Yesu Kristo!