Maradhi ya Sukari na Akili za Wazee Wetu

 

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, nilipowasili hapa Toronto wakati wa theluji, nikiwa sina nimjuaye, alinipokea mzee mmoja wa Bunda, ambaye kila jioni, kwa hamu ya nyumbani, alinitajia miji ya njia ya Mwanza, Lamadi, Magu, Kisesa, asiruke hata mmoja; naye ndiye aliyekuja kupotea njia ya kanisani. Wengine walisema uzee, wengine wakanong'ona uchawi, hata tabibu alipobainisha kuwa ni kisukari cha miaka mingi kisichotunzwa.

Ubongo, ambao ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na chakula chake kikuu ni sukari ya damuni. Lakini sukari hiyo ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo inayoulisha, fikra zikawa nzito na kumbukumbu zikapungua. Na ikishuka ghafla, kama kwa aliyejidunga insulini asile, mtu hutoka jasho, hutetemeka, na husema ovyo hata akadhaniwa mlevi. Huyo, maadamu aweza kumeza, mpeni upesi soda yenye sukari. Akizimia, msimtie kitu kinywani, pigeni 911. Pimeni sukari na shinikizo la damu, tembeeni. Mengineyo muulizeni daktari.

Insulini ilivumbuliwa mji huu huu, na mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson, alidungwa Januari 1922, miezi michache kabla ya Mwalimu Nyerere kuzaliwa Butiama. Ni aibu iliyoje, basi, wazee wetu kupotewa na akili papa hapa kwa kukosa wa kuwapeleka kupimwa! Wajita wana kikao chao, Wakurya chao, Wazanaki chao, na mzee aishiye peke yake ghorofani hakumbukwi mpaka utangazwe mchango wa kusafirisha maiti. Tuache hayo, ndugu zangu! Kila kijana, asitazame kabila, achague leo mzee wa kumzuru kila Jumamosi. Daftari la kujiandikisha liko kwa katibu, pale mlangoni.