Utalii upimwe kwa hali ya mwenyeji



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo twaitumia kufundisha ukarimu, lakini ndani yake imo pia hesabu. Haisemi kwamba wageni wakiwa wengi mwenyeji atapona. Yasema mgeni aje ili mwenyeji apone, na mwenyeji asipopona hesabu imekosewa. Nimeombwa nizungumzie jinsi serikali iwezavyo kurekebisha uendeshaji wa utalii. Nimechagua mfano wa jimbo la Hawaii, katika Bahari ya Pasifiki, kwa sababu serikali ya jimbo hilo ilikosea hesabu hiyo kwa miaka mingi, kisha ikaanza kuisahihisha hadharani.

Hawaii ilifanywa jimbo la Marekani mwaka 1959. Mwaka huo wageni waliofika visiwani humo hawakutimia laki tatu. Mwaka 2019 walizidi milioni kumi, ilhali wakazi wenyewe ni kiasi cha milioni moja na laki nne. Mwaka 1998 sheria iliunda Mamlaka ya Utalii ya Hawaii, ikapewa fungu katika kodi ya vyumba vya wageni. Kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kuitangaza Hawaii ng'ambo. Idadi ya wageni ilipopanda, ilihesabiwa kwamba kazi imefanyika vyema.

Hebu tutazame mambo yalivyokuwa kwa wenyeji. Haena iko mwisho wa barabara, kaskazini mwa kisiwa cha Kauai. Hapo pana hifadhi ya jimbo yenye ufuko na njia ya miguu ipitayo kwenye majabali. Wageni wapatao 2,000 walikuwa wakifika kwa siku. Magari yalijaa kando ya barabara nyembamba, na wenyeji wakapata taabu kupita katika barabara yao wenyewe. Mwezi wa Aprili 2018 mvua kubwa mno ilinyesha, ardhi ikaporomoka, na barabara ikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ilipofunguliwa Juni 2019, utaratibu ulikuwa mwingine. Wageni wa kutoka nje ya jimbo waliwekewa kikomo cha 900 kwa siku, tena baada ya kuomba nafasi na kulipa mapema. Wakazi wa jimbo huingia bila malipo. Wazawa wa hapo, ambao tangu mwaka 1999 wana chama chao kinachofufua mashamba ya magimbi ndani ya hifadhi, nao walishirikishwa katika kuiendesha.

Jambo la kuzingatia ni hili: kikomo hicho kilikuwamo katika rasimu ya mpango wa hifadhi kabla ya mafuriko. Ujuzi haukukosekana, kilichokosekana ni uamuzi. Si busara kwa serikali kungoja mlima uporomoke ndipo iamue.

Makao makuu nako kulihitaji marekebisho. Mwaka 2018 Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo alieleza kwamba usimamizi wa fedha na mikataba ya Mamlaka ulikuwa legevu. Mwaka 2020 Mamlaka ilitoa mpango mpya uliotaja mazingira, utamaduni wa wenyeji na jamii pamoja na matangazo. Mwaka 2021 mipango ya kila kisiwa ilitungwa kwa kuwashirikisha wakazi. Mwaka huo huo Bunge la jimbo liliiondolea Mamlaka fungu lake la moja kwa moja katika kodi ya vyumba, hata ikabidi ije kujieleza na kuomba fedha. Mwaka 2025 ilipitishwa sheria ya kuongeza kodi hiyo kuanzia Januari 2026, ili nyongeza itumike kulinda mazingira.

Wapo watakaosema kwamba kikomo huua ajira. Hoja yao isidharauliwe. Mwezi wa Aprili 2020, wageni walipokoma kwa sababu ya maradhi ya korona, zaidi ya mfanyakazi mmoja katika kila watano Hawaii alikuwa hana kazi. Lakini tukio hilo lathibitisha pia hatari ya kuegemea mlango mmoja. Hakuna anayetaka mgeni afukuzwe. Tunalotaka ni kwamba kile kinachomvuta, yaani ufuko, msitu na utu wa wenyeji, kisiliwe chote na kizazi kimoja.

Basi mafunzo ni matatu. Kwanza, idadi ya wageni si kipimo cha kutosha. Yapasa kuuliza hali ya maji, barabara na kipato cha mwenyeji. Pili, chombo kinachokusanya au kutumia fedha za utalii sharti kikaguliwe, na ripoti ya mkaguzi ifanyiwe kazi. Tatu, mwenyeji akae mezani wakati uamuzi unapofanywa, asiitwe baadaye kucheza ngoma ya kuupokea.

Ndugu mtumishi wa umma, uandikapo taarifa ya utalii usiishie kwenye safu ya wageni waliofika. Ongeza safu ya waliowapokea. Nawe ndugu mwalimu, ufundishapo methali ile, waulize wanafunzi wako: je, mwenyeji amepona?