Kipofu, Kiziwi na Kiongozi

Ninyi mnaoanza mwaka wa kwanza katika Ndaki ya Insia:

Siku si nyingi, katika somo la sarufi, mtafika kwenye ngeli ya KI-VI. Mhadhiri ataandika ubaoni kiti, kisu, kikombe. Kisha, bila kunuia ubaya, ataongeza kipofu, kiziwi, kiwete. Kama wewe ni mmoja wa hao watatu, utajiona umepangwa kabatini pamoja na vyombo. Usitoke. Nyoosha mkono uulize kiongozi, kijana na kinyozi wamefuata nini humo, na kwa nini twasema kiziwi amefika, si kimefika. Uliza pia kwa nini kuna Chama cha Viziwi Tanzania, ilhali wenzao wamejiita Chama cha Wasioona. Hapo pana tasnifu nzima, na simjui wa kuiandika vizuri kukushinda.

Mmezoea kuambiwa msome licha ya hali zenu. Mimi nasema ingieni nazo darasani. Taha Hussein wa Misri alipofuka utotoni; mwaka 1914 akapata udaktari kwa tasnifu juu ya al-Ma'arri, mshairi wa kale ambaye naye hakuona. Vitabu alisomewa na watu. Nani leo athubutu kusema hakusoma?

Sasa mambo ya vitendo. Programu ya kusoma skrini kama NVDA hupatikana bure, ila husoma maandishi. Kurasa zilizopigwa picha kutoka kitabu chakavu, na ndizo tunazowagawia mara nyingi (nakiri), kwake ni picha tupu, itanyamaza. Basi dai orodha ya vitabu kabla muhula haujaanza, maana kugeuza sura moja kuwa maandishi na kusahihisha makosa ya mashine kunakula siku. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliwekwa kwa ajili ya nakala kama hizo, zilizogeuzwa ili wasioona wazisome.

Kiziwi ampe mkalimani wake istilahi mapema. Neno kama uhakiki huenda halina alama mliyoizoea wote wawili. Msipokubaliana, atalitaja kwa vidole herufi kwa herufi saa nzima, na hoja itakuwa imeshapita.

Wa kiti mwendo akaitazame ratiba: chumba gani, ghorofa ya ngapi. Darasa likihamishiwa chini kwa ajili yako, wenzako sitini watanung'unika. Waache wanung'unike.

Mimi nina uoni hafifu, na mwaka wa kwanza niliona haya kuomba lolote. Nilikaa nyuma nikijifanya naona ubao, nikanakili kwa jirani pamoja na makosa yake. Tulifeli kwa alama zilezile. Kitini cha herufi kubwa nilikiomba mwaka wa tatu. Kilichapwa kwa dakika kumi.