Kabla Hujalipa, Angalia Ngama: Kuchagua Chombo Kidogo cha Uvuvi

(Mazungumzo yaliyotolewa na Ofisi ya Mawasiliano ya Kaunti kwa wanachama wa vikundi vya BMU, pwani ya Kwale)



Mimi si fundi wala nahodha, na mbele yenu sitajifanya mmoja wao. Kazi ya ofisi yetu ni kukusanya maneno ya wanaojua na kuyafikisha kwa wananchi. Haya ninayoyasema leo yametoka kwa mafundi wa mbao, wavuvi na maafisa wa uvuvi. Nimeombwa nizungumzie jambo moja: mtu au kikundi kikipata pesa za kununua chombo, kinunue kipi, na kikikague vipi?

Tunalizungumza kwa sababu kosa hapa ni la gharama mbili. Kikundi kinachonunua chombo kibovu kwa pesa za mkopo kitaendelea kulipa deni huku chombo kikioza ufuoni. Hiyo ndiyo gharama ndogo. Kubwa ni watu wanne au watano kujikuta nje ya mwamba, mawimbi yamepanda, mashine imezimika, na maji yanaingia kuliko wanavyoweza kuyafua.

Swali la kwanza ni la bahari, bei itafuata. Utavua wapi, na msimu gani? Anayetega madema na kuvua kwa mshipi ndani ya mwamba anatosheka na mtumbwi au ngalawa. Haili mafuta, inapita kwenye maji machache, na watu wachache wanaipandisha mchangani. Anayefuata jodari na nguru kwenye maji makuu anahitaji mashua au boti ya faiba yenye kimo cha kukata wimbi na nafasi ya barafu. Matatizo mengi huanzia pale mtu anaponunua chombo cha ndani ya mwamba, akakifunga mashine, kisha akakipeleka nje.

Fikirieni pia misimu. Chombo kilichokuwa kizuri mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na bahari imetulia, si lazima kiwe kizuri mwezi wa Julai kusi ikiwa kali. Muulize anayekiuza: wakati wa kusi kilikuwa kikienda wapi, na watu wangapi? Kisha waulize jirani zake swali hilohilo. Na fikiria unapoegesha. Chombo kizito kinachofaa gatini Shimoni kinaweza kuwa mzigo kwa wavuvi wa Gazi, ambako maji yakitoka kinabaki juu ya matope mpaka yarudi.

Sasa tuje kwenye mpya na kuukuu. Chombo kipya cha mbao kina uzuri wake: unamwona fundi akikijenga, unaiona mbao kabla haijafunikwa rangi. Nenda mara kwa mara wakati wa ujenzi. Angalia kama mbao imekauka, kama mataruma yamepangwa karibu karibu, na kama misumari ni ile isiyoshika kutu upesi. Patana na fundi kwa maandishi, na ulipe kwa hatua: mkuku ukilazwa, mbao zikifika juu, chombo kikishushwa majini. Usilipe yote siku ya kwanza.

Chombo kilichotumika nacho kisidharauliwe. Mashua nzuri ya mbao ikitunzwa, ikakalafatiwa na kupakwa deheni kwa wakati wake, huwalisha baba na mwana. Lakini ni lazima ikaguliwe kavu. Nenda wakati wa bamvua. Huku kwetu siku hizo maji huwa yametoka mbali kama saa nne asubuhi, chombo kimekaa mchangani, na unaweza kukizunguka na kulala chini yake. Muuzaji anayetaka ukione kikielea tu, mwambie utarudi maji yakitoka.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mnunuzi naye afuate njia hiyo. Wengi hutazama omo kwa sababu ina rangi nzuri na jina la kupendeza, wakaenda tezi kuona mashine, wakaridhika. Shukeni ngamani. Inueni mbao za kukanyagia. Pale maji yanapotuama, mataruma yanapokutana na mkuku, ndipo uozo unapoanzia. Chukua ncha ya kisu uibonyeze mbao. Ikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, hapo hapana mbao tena. Tazama madoa ya kutu kuzunguka misumari. Kwa nje, tafuta matundu madogo ya wadudu wa baharini: tundu laweza kuwa dogo kama la sindano, na ndani ubao umeliwa wote. Rangi mpya kwenye chombo kikuukuu ni sababu ya kuuliza inaficha nini.

Tahadhari moja kwa haki ya muuzaji: chombo cha mbao kilichokaa juani kwa wiki kadhaa kitavuja kikirudishwa majini, kwa kuwa mbao zilijikunyata. Zikinywa maji hufura na kuziba. Kiache majini siku moja au mbili, kisha uone. Kikiendelea kuvuja baada ya hapo, tatizo ni la kalafati au la mbao yenyewe.

Boti ya faiba haitaki kalafati wala haiogopi wadudu hao, lakini nayo ina maradhi yake. Igonge kwa kifundo cha kidole au sarafu, pole pole, ubavu mzima. Sauti ikibadilika kutoka ngumu kuwa tupu, tabaka zimeachana ndani. Malengelenge chini yake yanaonyesha maji yameingia kwenye faiba. Angalia zaidi ule ubao wa nyuma unaobeba mashine. Mara nyingi ndani yake mna mbao, na nyufa zikipitisha maji, mbao huoza bila kuonekana. Shika mashine uitikise: ubao ukicheza, acha. Uliza pia kama boti ina vyumba vilivyofungwa vyenye povu la kuelea. Boti ya namna hiyo ikijaa maji hubaki juu, na watu wakapata cha kushika.

Mashine ikaguliwe peke yake, na iwashwe ikiwa baridi. Ukifika ukaikuta ishapata moto, huenda ni ngumu kuwaka na hawakutaka uone. Maji ya kupoza yatoke kwa nguvu. Zungusha rafadha kwa mkono, isicheze kwenye mhimili wake. Fungua mafuta ya gia: yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Na namba iliyochongwa kwenye mashine ilingane na iliyo kwenye risiti, maana mashine za wizi zipo, na mwenyewe akitokea utapoteza mashine na pesa.

Piga hesabu ya mafuta kabla ya kutamani mashine kubwa. Tuseme mashine inakunywa lita 6 kwa saa, na mnasafiri saa 2 kwenda na saa 2 kurudi. Hizo ni lita 24. Lakini kanuni ya baharini ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya akiba, kwa hiyo bebeni lita 36. Je, samaki wa siku ya kawaida, si wa siku ya bahati, wanalipa mafuta hayo na kubakisha fungu la kila baharia?

Kwa hesabu hiyo hiyo, kikundi chenye shilingi 300,000 kisinunue chombo cha 300,000. Tengeni fungu la matengenezo ya mwanzo, la leseni, na la vifaa: nanga na kamba yake, makasia, tochi, filimbi, na jaketi la kuokoa maisha kwa kila kichwa kinachopanda. Pesa zikiwa hazitoshi vyote hivyo, chagueni chombo kidogo zaidi.

Mwisho ni karatasi. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, chombo cha uvuvi husajiliwa na kuwa na leseni. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, nayo huangalia usalama wa vyombo. Omba kuona cheti cha usajili, ulinganishe namba na iliyoandikwa ubavuni. Nenda kwa BMU ya muuzaji uulize kama chombo ni chake kweli, na kama kina deni au kesi. Kikiwa kimetoka ng'ambo ya mpaka wa Vanga, ulizeni forodha kabla, si baada. Andikeni mkataba mbele ya mashahidi, lipeni kwa njia inayoacha kumbukumbu, na mbadilishe jina la mwenye chombo bila kuchelewa.

Ombi letu ni hili: usiende kununua peke yako. Nenda na fundi asiye rafiki wa muuzaji, na baharia mmoja kati ya watakaokipanda. Fundi mlipe siku yake. Ni pesa kidogo ukilinganisha na utakachookoa. Afisa wa uvuvi wa eneo lako naye mwone kabla ya siku ya malipo. Na mama zetu mnaochangia pesa za kikundi, mama karanga na wauzaji, nanyi mna haki ya kusema tuonyesheni ngama.

Sasa nawapisha mafundi, maswali ya mbao waulizeni wao.